Kusi mgongoni: Mtwara hadi Lindi kwa baiskeli, kuchangia utafiti wa saratani adimu za ovari

Safari ianzie Mtwara, iishie Lindi. Msiigeuze. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na barabara ya Lindi inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo upepo unamsukuma mwendeshaji. Akitokea Lindi kuja Mtwara siku hiyohiyo, upepo uleule unampiga usoni jua likishapanda, na mtu wa baiskeli ya Phoenix aliyekuwa anakwenda kilomita 16 kwa saa anajikuta kwenye 11 au 12. Kwa njia yenye kilomita 105 hadi 110, kutegemea mnaanzia mtaa gani mjini, tofauti hiyo ni zaidi ya saa mbili juani.

Upepo ndio unaopanga tarehe pia. Kuna kishawishi cha kufuata kalenda ya dunia: tarehe 8 Mei ni Siku ya Saratani ya Ovari Duniani tangu 2013, na Septemba ni mwezi wa saratani za viungo vya uzazi vya mwanamke. Lakini mwanzoni mwa Mei mvua zetu za mwisho zinaweza kuwa bado zinadondoka, na waendeshaji hawajapata wiki za kutosha za mazoezi kwenye barabara kavu. Tumieni 8 Mei kutangaza na kugawa kadi za michango, mwendeshe Julai. Oktoba msiiguse kabisa. Minada ya korosho ikianza, malori yanayopanda na kushuka kati ya maghala ya Masasi, Newala, Tandahimba na bandari ya Mtwara yanaongezeka, na hayo ni juu ya malori ya makaa ya mawe ya Ruvuma ambayo siku hizi hayana msimu.

Hapo inazaliwa shida ya pili, na ndiyo kubwa kuliko baiskeli: hela ya kusini haiji Julai kwa kila mtu. Mkulima wa ufuta wa Lindi anaweza kuwa amelipwa Juni au Julai. Mkulima wa korosho wa Tandahimba anasubiri mnada, na malipo yake yanapitia chama cha msingi kati ya Oktoba na Desemba. Ukimwendea Julai ukitaka taslimu, atakupa elfu mbili ya kukuondolea aibu. Ukimwendea Julai ukitaka ahadi, atakuandikia elfu ishirini na ataitimiza Novemba, kama utakuwa na adabu ya kumkumbusha vizuri. Kwa hiyo kadi ziwe za aina mbili tangu mwanzo: ya taslimu na ya ahadi. Mfano tunao tayari, kamati ya harusi. Kadi zina namba, zina kisehemu cha kuchana, na mweka hazina anajua kila namba iko mkononi mwa nani.

Mnachangia nini hasa

Mwendeshaji akisimama kunywa maji, watu watamuuliza. Awe na jibu fupi na la kweli, maana "tunachangia kansa" halimtoshi mtu aliyeuguza.

Ovari ni vile viungo viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke. Wengi tunaviita mifuko ya mayai. Makadirio ya dunia ya 2022 yalikuwa wagonjwa wapya takriban 324,000 na vifo takriban 207,000. Ila jina hilo moja linafunika magonjwa mengi yasiyofanana. Wengi wa wagonjwa hao wana saratani za kundi la epitheli, yaani seli za utando wa juu, hasa aina ya sirasi ya daraja la juu, ambayo mara nyingi huanzia kwenye mirija ya uzazi kabla ya kushika ovari. Utafiti mwingi wa dawa umeelekezwa huko kwa sababu wagonjwa wanapatikana.

Pembeni ndiko kuna zile adimu. Zipo za seli za mayai yenyewe, zinazowapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Nyingi zinapona kwa upasuaji na kemo (tibakemikali) ya dawa tatu, bleomisini, etoposaidi na sisplatini, mradi zitambuliwe mapema na zisichanganywe na uvimbe wa kawaida. Ipo sirasi ya daraja la chini, inayokua polepole na kuidharau kemo. Ipo ya seli ndogo inayopandisha kalsiamu ya damu, kali mno, ya wasichana na wanawake wa umri wa miaka ya ishirini. Mwaka 2014 ndipo ilipojulikana kwamba chanzo chake ni kuharibika kwa jeni moja, SMARCA4. Na ipo ya granulosa, yaani ya seli zinazolizunguka yai ndani ya ovari, ambayo ni takriban asilimia 2 hadi 5 ya saratani zote za ovari.

Tukishauriwa kuchagua moja, tungechagua granulosa, na sababu yake ni ya kihasibu zaidi kuliko ya huruma. Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba karibu kila uvimbe wa granulosa wa mtu mzima una kosa lilelile katika jeni ya FOXL2: herufi moja, C imekuwa G, mahali pamoja tu, namba 402. Maana yake, bloku ya nta yenye kinyama cha zamani, kile kipande cha uvimbe uliotolewa, inaweza kuulizwa swali moja na kujibu ndiyo au hapana. Huo ni utafiti ambao fedha za baiskeli zinaweza kuubeba. Kutengeneza dawa mpya hazitoshi, na anayewaahidi waendeshaji kwamba kilomita zao zitaleta dawa anawadanganya.

Granulosa ina tabia nyingine inayoifanya isumbue: huzalisha homoni ya estrojeni. Bibi aliyekoma hedhi miaka kumi iliyopita anaona damu tena. Kwa aina ya watoto, binti mdogo anaota matiti kabla ya wakati wake. Halafu, baada ya upasuaji, inaweza kukaa kimya miaka 10, hata 20, kisha ikarudi. Ukimfuatilia mgonjwa miaka mitano ukafunga faili, umefunga kabla hadithi haijaisha. Ndiyo sababu daftari la wagonjwa, lenye namba za simu za ndugu wawili, lina thamani kuliko mashine nyingi.

Uadimu unaharibu hata maabara za matajiri. Kwa miaka mingi seli zinazoitwa COV434 zilitumika duniani zikidhaniwa kuwa za granulosa ya watoto. Baadaye ikathibitika kuwa ni za ile saratani ya seli ndogo. Hesabu mwenyewe majaribio mangapi yalikuwa yanapima kitu kingine. Na jaribio la dawa ya trametinibu kwa wagonjwa wa sirasi ya daraja la chini iliyorudi, lililochapishwa 2022, lilihitaji wanawake 260 tu, lakini kuwapata kulichukua takriban miaka minne kwa kuunganisha hospitali za Marekani na Uingereza. Waliopata dawa walikaa miezi 13 kabla ugonjwa kusonga mbele. Waliopata matibabu ya kawaida, miezi 7.2. Mwanamke mmoja wa Nanyumbu au Liwale ambaye kinyama chake kilitupwa ni hasara kwenye hesabu ya namna hiyo.

Fedha zinaishia wapi

Msikabidhi fedha kwa "hospitali" wala kwa "utafiti". Kabidhini kwa mradi wenye jina, mtafiti mkuu anayejulikana, na kibali cha maadili. Tanzania kibali cha taifa cha utafiti wa afya hutolewa na kamati iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Taasisi kama MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, nazo zina kamati zao. Ombeni kuona barua yenyewe, msome namba, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kibali kilichopitwa na muda ndicho kikwazo cha kijinga kuliko vyote: fedha zinakaa benki, mtafiti anasubiri kuhuisha, waendeshaji wanaanza kunong'ona.

Makubaliano yatoshe kurasa mbili. Yataje kiasi, vitu vitakavyonunuliwa, sehemu itakayokatwa na taasisi kwa uendeshaji, na tarehe za ripoti mbili, mwezi wa 6 na wa 12. Kama vinyama vitapelekwa nje ya nchi, yaseme nani anabaki na sehemu ya bloku hapa. Hilo la mwisho watu wengi huona haya kuliuliza. Ulizeni.

Sasa, vitu gani? Kazi ambayo ingefaa fedha za ukubwa huu ni kufukua bloku za zamani zilizoandikwa "uvimbe wa ovari" kwenye maabara ya patholojia (uchunguzi wa vinyama), kuzikata upya vipande vya maikromita 4, kuzipaka kinga-mwili za inhibini na kalretinini, na zile zinazoelekea granulosa kupimwa FOXL2. Bajeti yake ni mishahara midogo ya fundi sanifu, nta, vioo, kinga-mwili, na usafiri. Inaeleweka hata na mtu wa chama cha msingi.

Nusu ya pili ya kazi ni kwamba vinyama vipya visiharibike kabla ya kufika, na hapo ndipo huku kwetu panavuja. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na patholojia kamili ya saratani mara nyingi inamalizikia huko. Kinyama kikitolewa kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa moja. Formalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa: mililita 100 za formalini ya dukani, ile ya 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile ya hidrojeni moja. Mtu akiruka hizo chumvi mbili kwa kuona ni urembo, formalini inageuka tindikali na kukatakata DNA; darubini bado itaona kitu, lakini kipimo cha FOXL2 kitarudi bila jibu. Asipoichanganya na maji kabisa, akiamini kali ndiyo nzuri, ngozi ya nje ya kinyama inakakamaa na ndani kunabaki kubichi.

Ujazo ni sehemu 10 za formalini kwa 1 ya kinyama. Uvimbe wa ovari unaweza kuwa na ukubwa wa tikitimaji, na dawa inapenya takriban milimita moja kwa saa, ikizidi kupungua kasi kadiri inavyoingia ndani. Kuusokomeza mzima kwenye chupa yenye mdomo mwembamba ni kuuacha uoze katikati huku nje ukionekana salama. Baada ya kuutoa tumboni mzima bila kuupasua (ukipasuka ndani ya tumbo, hatua ya ugonjwa inapanda kutoka IA kwenda IC), mpime, muuandike, kisha mkate vipande vya sentimita moja kama mkate wa boflo. Ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye kifuniko cha kubana inafaa kuliko chombo chochote cha gharama. Jina liandikwe kwenye ndoo, si kwenye kifuniko. Vifuniko vikifunguliwa vitatu mezani huchanganyika. Safari ya basi inataka ndoo iliyozungushwa utepe wa gundi, ndani ya mfuko wenye pamba ya kunyonya, ndani ya ndoo nyingine. Ikivuja mvuke wa formalini kwenye basi lililojaa, dereva ataishusha porini, na atakuwa na haki.

Ndoo, chumvi, kopo za lebo na nauli: hivyo ni vitu ambavyo mchangiaji wa elfu kumi anaweza kuonyeshwa kwa picha. Vionyesheni.

Baiskeli

Wengi watakuja na walizonazo, Phoenix za fremu nzito au baiskeli za milima za mtumba. Zote zinafika Lindi. Kinachokwamisha ni matayarisho, na Phoenix inadai zaidi.

Wiki tatu kabla, kila baiskeli ipite kwa fundi mmoja mwenye orodha moja. Gurudumu la mbele lifunguliwe, gololi ziwe za inchi 3/16, kumi kila upande. Nyuma ni robo inchi, tisa kila upande. Gololi zikichanganywa za umri tofauti, mpya ndizo zinabeba uzito wote na kupasuka. Grisi mpya, koni zikazwe mpaka gurudumu lisicheze, kisha zilegezwe kidogo sana. Mnyororo upimwe kwa rula: vipande 24 ni inchi 12 kamili, vikifika inchi 12 na moja ya nane, ubadilishwe, na gia ya nyuma ikaguliwe meno, maana mnyororo mpya kwenye meno yaliyochongoka utaruka kwenye mwinuko.

Kotapini za mikono ya pedali ndizo zinazoaibisha watu. Fundi anaigonga, anakaza nati, inaonekana imeshika. Baada ya kilomita 20 chuma laini kimejikalia, mkono unaanza kucheza, na mwendeshaji asiposimama unakula pini mpaka pedali inazunguka peke yake. Dawa yake: badilisha kotapini wiki mbili kabla, endesha Mtwara hadi Mikindani na kurudi, kama kilomita 20, kisha gonga tena upande wa pili ukiegemezewa chuma, na kaza nati upya. Kotapini iliyowekwa siku ya safari itampandisha mwenyewe kwenye gari la nyuma.

Breki za fimbo zikaguliwe raba na mkao. Mteremko wa kuingia Mikindani upo mapema, watu wakiwa wamekusanyana na bado wana mbwembwe. Raba iliyokauka inateleza kwenye ringi lenye umande wa asubuhi.

Pancha hapa zina vyanzo viwili vikubwa: miba pembeni ya lami, na nyuzi za chuma za matairi ya malori yaliyopasuka. Uzi ni mwembamba kama unywele. Ukiziba tyubu bila kuutoa kwenye tairi, utaziba tena baada ya kilomita mbili. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitakaponasa, hapo upo. Usipitishe kidole. Ukikuta matundu mawili yanayotazamana kwenye tyubu, si mwiba: upepo ulikuwa mdogo na ringi limeibana tyubu kwenye shimo. Jaza kufuata namba iliyo ubavuni mwa tairi. Kiraka kinataka tyubu ikwanguliwe kwa msasa, solusheni ipakwe nyembamba na iachwe dakika tano mpaka isinate kidoleni, ndipo kiraka kikandamizwe. Wanaobandika ikiwa bado mbichi ndio wale wanaosema solusheni ni feki. Kwa valvu za zamani, beba vipande vya ule mpira mwembamba wa valvu. Joto linaufanya upasuke, na upepo unatoka taratibu kama pancha ya uchawi.

Kwa waendeshaji 60 tungepakia tyubu 20 za inchi 28 na 15 za inchi 26, matairi manne ya kila saizi, minyororo mitatu, kotapini 20, spoku 30, pampu za miguu tatu, na mafundi wawili katika magari tofauti. Fundi mmoja akikwama na mtu nyuma, mbele kunabaki yatima.

Siku yenyewe

Julai jua la Mtwara huchomoza kama saa 12:40 asubuhi. Anayetangaza kuondoka saa 11 na nusu "ili kuwahi" anawapeleka watu gizani mbele ya malori. Kusanyikeni saa 12, hesabu majina, ondokeni saa 12:45. Kwa kilomita 15 kwa saa na mapumziko manne, wa katikati watafika Lindi kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, na giza lipo mbali.

Ruhusa: njia inapita mikoa miwili, kwa hiyo barua ziende pande zote mbili, ofisi za wakuu wa wilaya, polisi na trafiki wao, pamoja na TANROADS (wakala wa barabara), wiki sita kabla. Suala la kukusanya michango hadharani liulizwe katika barua hiyohiyo kabla kadi hazijachapwa. Gari la wagonjwa liwe na mafuta yenu, si ahadi ya mafuta, na dereva ajue mapema kwamba kwa ajali iliyo kabla ya nusu ya njia anarudi Mtwara, na baada ya hapo anakwenda mbele hadi Lindi mjini.

Kutoka Mtwara hadi njiapanda ya Mnazi Mmoja ndipo penye malori, kwa sababu ya Masasi, bandari na kiwanda cha saruji kwa pamoja. Mstari mmoja, makundi ya watu 8 hadi 10, na mita 200 kati ya kundi na kundi. Sababu ni hii: lori lenye tela haliwezi kulipita kundi la watu 60 kwa mpigo, likikutana na gari mbele linarudi kushoto, na kushoto mpo ninyi. Nafasi ya mita 200 inalipatia lori mahali pa kurudi. Lori likipita, kwanza linakusukuma nje, kisha mkia wake unakuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono miwili na usiyumbe kulifuata.

Ajali mbaya zaidi ya baiskeli kwenye barabara hizi haihitaji gari. Ukingo wa lami una ngazi, pengine ya sentimita kumi. Mtu anashuka kwenye mchanga kulipisha lori, kisha anataka kurudi kwa kuupanda ukingo kwa pembe ndogo. Tairi la mbele linakwama ubavuni mwa lami, baiskeli inasimama, yeye hasimami. Ukishashuka, simama, nyanyua baiskeli, panda. Sekunde kumi.

Maji ni lita 4 kwa kila mtu, yaani lita 240 kwa watu 60, madumu 12 ya lita 20. Nusu yawe na sukari na chumvi: kwa lita moja, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Atakayeongeza chumvi kwa mkono mzito atawatapisha. Chakula cha njiani ni ndizi, chapati, mihogo ya kuchemsha, madafu mkipata. Korosho tunazipenda na ndizo zetu, lakini zina mafuta mengi na zinakaa tumboni, wekeni Lindi.

Watakuja pia wanawake waliopona au walio kwenye matibabu, na wengine watataka kuendesha hata ukiwakataza. Wasikilizwe, ila daktari wao aseme kwanza. Sisplatini na paklitakseli huacha ganzi vidoleni. Mtu anaweza asihisi kama ameshika breki au la. Mpeni baiskeli yenye breki za kubana laini na mjaribu mteremkoni kabla. Aliyepata bleomisini mapafu yake yapimwe kabla ya zoezi zito. Aliyepasuliwa tumbo asipande kabla ya wiki sita angalau, na mshono ukaguliwe kama haujaacha ngiri. Kilomita kumi za mwisho kuingia Lindi, huku bahari ikiwa pembeni, zinatosha sana kwa mtu huyo, na kadi yake ihesabiwe kamili.

Baiskeli za kurudi Mtwara zipakiwe kwenye Fuso jioni hiyohiyo, pedali moja moja zikitazamana kinyume, makuti au maboksi katikati. Asiwepo shujaa wa kurudi akiendesha. Tumeshasema habari ya kusi.

Novemba

Hesabu ya kadi iwe rahisi. Andikeni kilomita 105, basi, hata kama mita ya baiskeli ya mtu imesoma 108. Mchangiaji wa shilingi 200 kwa kilomita anadaiwa 21,000. Watu 60 wenye wachangiaji kumi kila mmoja ni ahadi ya 12,600,000. Pangeni bajeti kwa theluthi mbili, 8,400,000, na makubaliano na mtafiti yaandikwe kwa kiasi hicho. Kikizidi, kitapata kazi. Aliyekwama njiani ahesabiwe mpaka kituo cha mwisho alichopita, na sheria hiyo ichapwe nyuma ya kadi, la sivyo mtagombana na watu wazima kwa ajili ya pancha.

Gharama za siku, mafuta, maji, vipuri, zitoke kwenye ada ya kushiriki na kwa wafadhili wa vitu. Shilingi ya kadi isinunue hata ndizi moja. Malipo yapitie lipa namba ya taasisi, ili jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe la taasisi na si la shemeji wa mweka hazina. Benki iwe na watia saini wawili, na anayeidhinisha asiwe anayetunza daftari.

Kumbusho lisiende siku ya mnada. Hela bado haijafika, na mtu aliyeona bei anahesabu madeni. Lisubiri wiki moja baada ya chama chake kuanza kulipa. Liwe na jina la mwendeshaji na namba kamili: "Shikamoo mzee. Ahadi yako ya Julai, kadi namba 214, kilomita 105 kwa shilingi 200, ni 21,000. Kijana wako alifika Lindi saa 9:20." Tumeni mara mbili tu. Ya tatu mpelekeeni kwa mguu, na mkae mpate chai, maana huenda mnada wake haukwenda vizuri na hataki kuandika hivyo kwenye simu.

Desemba daftari lifungwe. Orodha ya namba za kadi, bila majina, pamoja na jumla na risiti ya mradi, ibandikwe kwenye vyama vya msingi vilevile na itumwe kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp yaliyopokea tangazo la Mei. Ahadi zisizolipwa ziandikwe kama zisizolipwa, kwa kiasi chake.